Nimefunga friwili na kutoa breki zote: nitashukaje Kibosho salama?

"Shikamoo fundi. Nina miaka 22, naishi Kibosho na nafanya kazi Moshi mjini. Nimechukua Phoenix ya marehemu babu, nikang'oa madigadi, karia na breki zote za fito. Mchomeleaji akanifungia friwili kwa moto ili pedali zizunguke pamoja na gurudumu. Ina meno 44 mbele na 18 nyuma. Asubuhi nashuka nayo, jioni napanda. Kusimama nabana pedali kwa miguu. Wiki iliyopita lori lilisimama ghafla mbele yangu, nikabana, tairi la nyuma likateleza kwenye vumbi, nikaishia mtaroni. Sikuumia, lakini mama hataki hata kuiona ile baiskeli. Nimeona video za vijana wa New York wanapita katikati ya magari bila breki. Naomba mbinu: nawezaje kuendesha salama bila breki? Pia mdogo wangu wa miaka 13 anataka nimtengenezee kama yangu. Nimtengenezee?"

Marahaba, mdogo wangu. Pole kwa mtaro, na mpe mama pole yake pia, maana aliyeogopa zaidi siku hiyo ni yeye.

Unataka mbinu ya kushuka Kibosho bila breki. Hakuna. Ningekuwa nayo ningekupa, kwa sababu baiskeli hizi nazipenda na nimeziendesha miaka mingi. Lakini gia iliyofungwa, yaani pedali kuzunguka muda wote pamoja na gurudumu, hatuna haja ya kuitupa. Inaweza kubaki, ukafunga breki moja ya mbele na ukaiondoa ile kazi ya moto iliyoko nyuma. Hiyo ya moto ndiyo inayonitisha zaidi, na nadhani hujaifikiria hata kidogo, kwa hiyo naanza nayo.

Friwili, yale meno ya nyuma yanayokuruhusu kuacha kukanyaga huku gurudumu likizunguka, ndani yake ina gololi, na ina vikucha viwili au zaidi vinavyosukumwa na vispringi. Ukikanyaga mbele, vikucha vinashika meno ya ndani. Ukiacha kukanyaga, vinaruka juu ya meno, ndiyo ule mlio wa tik-tik-tik. Mchomeleaji amekuunganishia ganda la nje na kiini cha ndani kwa mstari wa moto usiozidi milimita chache. Chuma cha friwili ni kigumu, kimepikwa kiwe hivyo ili meno yasiliwe. Chuma cha aina hiyo ukikichoma ghafla na kukiacha kipoe chenyewe, pembeni mwa weld kinakuwa chepesi kupasuka kama kigae. Kwa macho utaona weld nzuri kabisa.

Mwaka juzi kijana mmoja aliniletea gurudumu akilalamika kwamba pedali "zina nafasi". Nilipolifungua, nusu ya weld ilikuwa imeshaachia. Niliufuta ule mpasuko kwa kitambaa chenye petroli nikauona mstari mweusi mwembamba kama unywele, umezunguka kutoka jino moja hadi la tano. Gololi mbili zilikuwa zimeyeyuka zikashikana. Kilichokuwa kinamsimamisha kijana yule njiani ni kipande cha weld kisichofika urefu wa kucha ya kidole gumba. Alikuwa ametoka Shanty Town hadi kwangu akiiendesha.

Hata kama weld yako ni imara kuliko zote Kilimanjaro, kuna kasoro nyingine, nayo iko kwenye thredi. Friwili imefungwa kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwa thredi za kawaida, za kulia. Kila unapokanyaga mbele unaikaza, ndiyo maana friwili za zamani ni ngumu kufungua hadi fundi aiweke kwenye jiliwa. Wewe unapobana pedali kurudi nyuma unaifungua. Tena unaifungua kwa nguvu kubwa kuliko unavyodhani. Krenki yako, ule mkono unaoshika pedali, ina urefu wa kama milimita 170, na sproketi ya meno 44 ina nusu kipenyo cha kama milimita 89. Maana yake kila kilo 10 unazoweka mguuni, cheni inavuta karibu kilo 19. Weka kilo 40 za hofu, kama siku ya lori, na cheni inavuta zaidi ya kilo 75 ikiielekeza friwili itoke kwenye habu. Ikianza kuzunguka yenyewe, pedali zitarudi nyuma bure na gurudumu litaendelea na safari yake. Hutakuwa na breki ya aina yoyote, na utagundua hilo katikati ya mteremko.

Habu iliyotengenezwa kwa gia ya kufungwa imeshughulikia jambo hili. Ina hatua mbili za thredi: kubwa ya kulia kwa ajili ya sproketi, kisha ndogo ya kushoto kwa ajili ya nati ya kufungia. Sproketi ikitaka kufunguka inaisukuma ile nati, na kwa kuwa thredi zake ni za upande wa pili, nati inazidi kukaza. Habu ya babu yako haina hatua ya pili. Mafundi wengine wanaweka nati ya bakuli la krenki, ile inayokaza bakuli la gololi kwenye fremu, juu ya sproketi, kwa kuwa thredi zake zinaingia palepale, na wanapaka gundi ya thredi. Nimeiona ikidumu. Lakini nati hiyo nayo ni ya kulia, ikilegea vinatoka vyote viwili pamoja. Mimi naikubali kwa sharti moja: breki ya mbele iwepo na miguu itumike kupunguza mwendo taratibu tu, isitumike kusimamisha ghafla.

Leo hii, kabla hujaipanda tena, chukua chaki au rangi ya kucha ya dada yako. Chora mstari mmoja ulionyooka kutoka kwenye sproketi ya nyuma, upite juu ya weld, uingie hadi kwenye habu. Mtu akushikie gurudumu la nyuma kwa nguvu, wewe bana pedali kurudi nyuma kwa uzito wako wote, mara kumi. Mstari ukikatika hata kwa unene wa uzi, hiyo safari imeisha. Usipokatika, bado haimaanishi ni salama; maana yake ni kwamba leo haijaachia.

Halafu angalia pini za krenki. Phoenix ya zamani krenki zake hushikwa na pini za chuma zilizochongwa upande mmoja, na pini hizo zilitengenezwa kwa mguu unaosukuma mbele. Ukizisukuma mbele na nyuma kila siku zinaanza kucheza. Ukisikia "tok" moja kila mzunguko, pini imeanza kulegea.

Sasa tuje kwenye tairi lililokutupa. Wengi wanaamini miguu ikiwa na nguvu, baiskeli itasimama. Miguu yako inapanda Kibosho kila jioni, sina wasiwasi nayo. Shida iko pale tairi la nyuma linapogusa barabara. Umewahi kusimama ndani ya Hiace dereva akakanyaga breki ghafla? Abiria wote wanalala mbele. Kwenye baiskeli ni hivyohivyo: ukianza kupunguza mwendo, uzito unahamia gurudumu la mbele na la nyuma linabaki jepesi, na tairi jepesi halina cha kushikia. Kadiri unavyobana zaidi ndivyo linavyozidi kuwa jepesi, hadi linateleza. Likishateleza mshiko wake unazidi kupungua, na linaanza kukupita upande. Ndicho kilichokupeleka mtaroni. Hukukosea mbinu yoyote.

Nikupe makadirio yangu. Kwa mwendo wa kilomita 30 kwa saa, kwenye lami kavu na tambarare, gurudumu la nyuma peke yake litakusimamisha kwa kama mita 14. Breki ya mbele ikitumika vizuri ni kama mita 7. Weka mteremko wa kushuka mita 6 kila mita 100, na ya nyuma inakuwa zaidi ya mita 18, ya mbele kama 8. Juu ya yote hayo ongeza mita 8 ambazo unazipita katika ile sekunde moja ya kuona na kuamua. Hizo ni hesabu za lami kavu. Wewe ulikuwa kwenye vumbi, na masika ikiingia kutakuwa na tope jekundu kutoka njia za migombani, na siku za soko kuna majani ya ndizi yaliyodondoka kwenye mizigo. Anaposhuka mama mwenye mkungu kichwani na kuvuka barabara bila kuweza kugeuza shingo, hizo mita 10 za tofauti ndizo zinazoamua kama utamfikia au hutamfikia.

Kuna na suala la kasi yenyewe. Gia yako, na gurudumu la inchi 28, inakusogeza kama mita 5.4 kila mzunguko wa pedali. Kwa kilomita 40 kwa saa miguu inazunguka zaidi ya mara 120 kwa dakika, yaani mara 2 kila sekunde. Kwa kasi hiyo huwezi kubana chochote. Unajitahidi tu miguu isichomoke. Ikichomoka, pedali zinageuka kuwa nyundo zinazopiga miundi, na breki yako ya pekee imeondoka pamoja na nyayo zako.

Kuhusu New York: nimeziona hizo video, na kijana anayeendesha vile ana ustadi mkubwa. Lakini kamera huwa inamfuata aliyepita. Baiskeli hizi asili yake ni uwanja wa mashindano wenye kuta zilizoinama, ule wa Olimpiki una mzunguko wa mita 250. Kule breki zimekatazwa kwa sababu nzuri: wote wanaelekea upande mmoja, hakuna njia panda, na ukifunga breki ghafla aliye nyuma atakugonga. Kibosho hakuna hata sharti moja kati ya hayo. Uingereza sheria inataka baiskeli ya namna hii ikiwa barabarani iwe na breki ya mbele, na gia iliyofungwa inahesabiwa kama breki ya nyuma. Mwaka 2016 mjini London kijana wa miaka 18 alimgonga mama aliyekuwa anavuka barabara, mama akafariki. Kijana alikuwa na baiskeli ya uwanjani isiyo na breki ya mbele, kwenye mwendo wa karibu kilomita 29 kwa saa, mwendo ambao wewe unaupita kila asubuhi. Mwaka uliofuata alihukumiwa kifungo cha miezi 18. Nakutajia kisa hiki ili ujue kwamba mtu wa kwanza kuumia huenda asiwe wewe.

Najua utakachoniuliza: "Breki ya mbele si itanirusha juu ya usukani?" Hofu hii nimeikuta kwa kila kijana, na ndiyo inayowafanya wengi waing'oe ya mbele na kubakiza ya nyuma, kinyume kabisa na inavyotakiwa. Anayerushwa ni yule anayeibana yote kwa mshtuko akiwa amenyoosha mikono na kukaa wima. Ukiibana ikipanda taratibu ndani ya nusu sekunde, makalio yakirudi nyuma ya tandiko na mikono ikiwa imekaza, utasimama kabla gurudumu la nyuma halijanyanyuka. Nenda uwanja wa mpira jioni, anza na mwendo wa kutembea, rudia mara 30 siku ya kwanza. Kesho yake ongeza mwendo. Gia iliyofungwa inakusaidia hapa, kwa sababu tairi la nyuma likianza kuwa jepesi unalisikia kwenye nyayo mapema kuliko mtu wa friwili.

Ile breki ya fito uliyong'oa, kama bado unayo, irudishe ya mbele hata kesho. Ina udhaifu: raba zake zinabana ringi ya chuma iliyopakwa kromu, na kromu ikilowa raba huteleza kama imepakwa sabuni. Lakini kwa siku kavu ni breki ya kweli. Kilicho bora zaidi ni kutafuta gurudumu la mbele la ringi ya alumini kwenye baiskeli za mtumba, pamoja na breki yake ya kubana pembeni. Ringi nyingi za namna hiyo zina kipimo cha milimita 622, na ya Phoenix ya inchi 28 huwa 635. Ringi mpya itakaa chini kwa kama milimita 6.5, kwa hiyo chagua breki yenye mikono mirefu, na uhakikishe raba inagusa ringi yote bila kugusa tairi. Foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, isipokuwa na tundu la kufungia breki, usiitoboe mwenyewe nyumbani. Tafuta foku nyingine yenye tundu lake na shingo ya urefu uleule. Utakuwa na mkono mmoja wa breki na waya mmoja tu kwenye usukani, na umbo ulilolitaka litabaki.

Nyuma, njia bora ni habu ya pande mbili: upande mmoja sproketi ya kufungwa na nati yake ya kushoto, upande mwingine friwili. Waendeshaji wa Tour de France walikuwa wanashuka na kugeuza gurudumu hivyohivyo hadi mwaka 1937, waliporuhusiwa gia za kuhamisha cheni. Moshi si rahisi kuipata. Ukiwa na subira, mwambie mtu anayefungua mizigo ya mtumba akuwekee. Njia ya pili ni kwenda kwenye karakana yenye mashine ya kukereza, wakukerezee habu ya chuma yenye hatua mbili za thredi. Peleka sproketi na nati mkononi, usipeleke maneno peke yake, na mkerezaji akikuambia atakuchomelea iwe rahisi, mshukuru na uondoke. Ukikosa zote, rudisha friwili nzima, funga breki mbili, na utaendelea kuwa na baiskeli nzuri ya gia moja. Hakuna aibu yoyote ndani yake.

Mambo mengine ya kuendeshea nitayasema kwa haraka. Cheni ikae na ulegevu wa kama sentimita moja juu na chini katikati, ipime ukiwa unazungusha krenki pole pole maana sproketi nyingi si duara kamili. Cheni ikiruka kwenye gia iliyofungwa, ama inakwama na kulifunga gurudumu ghafla, ama inakuacha bila kitu. Miguu ifungwe kwenye pedali kwa mikanda unayoweza kuichomoa bila kuinama. Kandambili hapana. Kamba za viatu na pindo la suruali vibane, kwa sababu cheni hii haisimami ikishameza kitambaa. Kwenye kona usiilaze baiskeli sana, pedali itagonga chini na kukuinua.

Na vidole! Usisafishe cheni kwa kitambaa huku gurudumu linazunguka. Kwenye friwili kidole kikishikwa cheni inasimama; hapa uzito wa gurudumu unaendelea kuvuta, na kidole kinapita chote katikati ya meno na cheni. Nimemshuhudia mmoja. Ikitokea, bana jeraha kwa kitambaa safi, kipande cha kidole kilichokatika kifunge kwenye kitambaa chenye unyevu, kiweke ndani ya mfuko, na mfuko huo ndio uwekwe juu ya barafu, nyama isiguse barafu yenyewe. Kimbia hospitali. Vilevile ukianguka ukagonga kichwa, halafu ukatapika, ukasinzia ovyo au kichwa kikazidi kuuma, usisubiri asubuhi hata kama umetembea mwenyewe hadi nyumbani.

Hadi breki ya mbele itakapofungwa, nenda kazini kwa Hiace. Ukiikumbuka sana baiskeli Jumapili, isukume hadi chini, upande wa kwenda TPC, kwenye mashamba ya miwa, ambako ardhi imenyooka, na hata huko tembea nayo penye watu. Kabla ya kurudi barabarani mpelekee fundi yeyote wa baiskeli unayemwamini aiangalie kwa mikono yake: foku kama ina ufa au kutu chini ya rangi, pini za krenki, spoku za nyuma, na nati za ekseli. Kwa maandishi siwezi kuona ufa. Mtaro ule unaweza kuwa uliipinda foku bila wewe kujua.

Mdogo wako wa miaka 13 usimtengenezee gia ya kufungwa. Miguu yake haina uzito wa kubana, na akiogopa atainua miguu juu, jambo ambalo kila mtoto hufanya. Mtafutie kwenye mtumba habu yenye breki ndani, ile ya kukanyaga pedali kinyumenyume. Inafanana sana na yako kwa umbo, na ule mkono mdogo wa chuma ulioko upande wa kushoto wa habu lazima ufungwe kwenye fremu, la sivyo breki haifanyi kazi. Ongeza na ya mbele. Hata hiyo haitoshi kwa mteremko mrefu kama wenu. Vijana wa California walioanza kushindana milimani mwaka 1976 walikuwa wanashuka karibu mita 400 kwa habu za namna hiyo, na kila wakifika chini grisi ilikuwa imeungua, ikabidi wafungue habu na kupaka nyingine. Njia yao waliiita kwa jina la kazi hiyo, Repack. Mdogo wako aanze kwenye uwanja wa shule, na ajue kusimama kwa breki ya mbele kabla hujamfungulia geti.